Tundu la USB-C kwenye kompyuta mpakato ya mtumba linachaji pale tu ninapoushikilia waya: nibadilishe tundu au mazabodi (ubao mkuu) nzima?

#1 Uluguru Mashariki

Wakuu, habari za jioni.

Niko Morogoro, na nina ThinkPad T480 ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Ilitumika ofisini kabla ya kunifikia, maana kwenye mgongo wake kuna kibandiko cha orodha ya mali kilichobanduliwa nusu. Ubavu wa kushoto una matundu mawili ya USB-C. Lile la kwanza linachaji endapo tu nitauinua waya juu kidogo kwa kidole. Nikiuachia, alama ya kuchaji inatoweka papo hapo. La pili halitambui kitu chochote, si chaja, si simu, wala flashi ya USB-C, ingawa ukilimulika kwa tochi linaonekana zima na safi. Upande wa kulia, tundu moja la USB la kawaida limevunjika ulimi wake wa plastiki, na pini zake zimebaki zikielea ndani, nyingine zimepinda hadi karibu kugusa ukuta wa chuma.

Fundi wa kwanza ameniambia kwamba modeli hii haitengenezeki matundu, hivyo ninunue mazabodi nyingine. Fundi wa pili amesema atabadilisha yote matatu kwa elfu tisini na nitasubiri hapo hapo dukani. Ninafundisha sekondari na matokeo ya wanafunzi yamo humo, kwa hiyo sipendi kubahatisha. Je, tundu la USB-C likibadilishwa linadumu? Na kwa nini lile la pili limekufa ilhali kwa nje halina jeraha?

#2 Kijiti

Mwalimu, kabla ya fundi yeyote kushika moto, safisha kwanza. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri ya nyuma, kisha iwashe na uingie BIOS (mipangilio ya ndani inayokuja kabla ya Windows) kwa F1 na uzime betri ya ndani kupitia sehemu ya umeme, kwa sababu T480 ina betri mbili na wengi huisahau ile ya ndani. Baada ya hapo chukua kijiti cha meno cha mbao, si sindano wala pini ya chuma, upitishe taratibu pembeni mwa ulimi wa katikati. Nyuzi za nguo na vumbi la begi hushindiliwa mle hadi kichwa cha waya kisiingie mpaka mwisho, na waya usioingia mpaka mwisho hucheza na kudai kushikiliwa, dalili ile ile uliyoieleza. Malizia kwa mswaki laini uliochovya spiriti ya aisopropili, uache ikauke. Petroli na thina zisikaribie hapo, maana hula plastiki.

#3 Fundi wa Gerezani

Kijiti amesema jambo la maana, lakini mimi naona ugonjwa mwingine. T480 za maofisini zilitumika na kituo cha mezani kinachosukumwa ubavuni, yaani mtu akifika kazini anaitelezesha kompyuta kwenye kituo na jioni anaichomoa kwa kubonyeza kitufe. Kituo hicho huingia kwenye matundu hayo hayo mawili ya kushoto. Kwa miaka mitatu au minne, kila siku ya kazi, uzito wote wa kuchomeka na kuchomoa ulitua hapo. Kiwango cha USB-C kinataka tundu livumilie kuchomekwa mara 10,000, dhidi ya mara 1,500 za USB ya kawaida ya zamani, lakini hesabu hiyo ni ya kichwa kinachoingia kimenyooka. Waya unaoning'inia kutoka mezani au kompyuta inayotumika kitandani hupindisha tundu, na kinachochoka kwanza ni risasi ya kulehemia iliyoshika miguu ya tundu kwenye mazabodi.

Ukiuinua waya unairudisha miguu iliyopasuka ikagusana kwa muda. Hilo la kwanza ni kazi ya kulehemu upya, na pengine hata tundu lenyewe halihitaji kubadilishwa. Fundi aliyekuambia haitengenezeki hana mashine ya hewa ya moto, hajakuambia tu.

#4 Nakala Safi

Habari zenu. Ninaomba kutofautiana na Fundi kuhusu tundu la pili. Hilo ndilo la Thunderbolt, yaani USB-C yenye kasi zaidi, na modeli za ThinkPad za kati ya 2017 na 2019 zina tatizo linalofahamika la programu inayokaa ndani ya chipu ya Thunderbolt. Programu ya mwanzo ilikuwa inaandika mno kwenye chipu yake ndogo ya kumbukumbu, na baada ya muda kumbukumbu hiyo inaharibika. Lenovo, watengenezaji wake, walichapisha tangazo la usaidizi na kutoa toleo jipya, wakitaja dalili kama tundu kutotambua vifaa, kutochaji kwa tundu hilo, kituo cha mezani kutofanya kazi, na hata HDMI kukosa picha. Tundu linabaki linang'aa bila jeraha, kama la mleta uzi. Kompyuta nyingi zilizofika kwetu hazikuwahi kusasishwa, kwa kuwa ofisi iliyozitumia ilizifuta na kuziuza, na muuzaji wa hapa huweka Windows mpya tu basi.

Kwa hiyo usikubali tundu la pili lichomwe moto kabla ya kuangalia toleo la programu hiyo.

#5 Fundi wa Gerezani

@Nakala Safi, tangazo hilo lipo na sibishani nalo. Ila tazama ubao wenyewe: matundu mawili yanapakana, moja limelegea hadi linainuliwa kwa kidole, halafu tuseme jirani yake amekufa kwa programu bila kuguswa na mtikisiko ule ule? Mzigo wa kituo cha mezani uliyapata yote mawili kwa pamoja.

#6 Mchunguzi Huru

Tupunguze kukisia, tupime. Mwalimu, azima kile kipimo kidogo cha USB-C kinachowekwa kati ya chaja na kompyuta kikaonyesha volti na ampia. Halafu fanya jambo ambalo halina gharama: chomeka waya, tazama, kisha ugeuze kichwa juu chini na utazame tena. USB-C ina pini 24 zilizopangwa pande mbili, na ingawa kichwa kinaingia vyovyote, mazungumzo kati ya chaja na kompyuta hupita kwenye pini moja tu kati ya mbili, kutegemea upande uliochomeka. Likifanya kazi upande mmoja na kukataa mwingine, chaja ni nzima, waya ni mzima kwa kiasi kikubwa, na kosa limebanwa kwenye pini chache.

#7 Kijana wa Mabatini

Mkuu Mchunguzi, mbona kipimo kitasoma volti 20 tu muda wote, maana chaja ya T480 imeandikwa 20V?

#8 Mchunguzi Huru

Hapana, ndugu. Chaja ya pini ya duara ya zamani hutoa volti zake pale tu inapochomekwa ukutani. Ya USB-C haitoi kitu mpaka ione kinzani ya kilo-omu 5.1 upande wa pili. Ikiiona inatoa volti 5, kisha wanazungumza, na wakikubaliana ndipo inapanda hadi 20. Wati 65 ni volti 20 kwa ampia 3.25. Kwa hiyo kipimo kinakueleza mazungumzo yamekatikia wapi: sifuri ina maana chaja haijaona mtu, 5 ina maana imeona mtu lakini hawajaelewana, 20 ina maana wameelewana. Ndiyo sababu ninamwomba mleta uzi atuletee namba.

#9 Bi. Makupa

Hamjambo wanabaraza. Niko Mombasa, na huku tarakilishi nyingi za mtumba huingia kwa makontena yaliyokaa bandarini kwenye joto na unyevu wa bahari. Mimi hutengeneza, na ninapofungua huona kutu ya kijani kwenye miguu ya tundu, chini kabisa, mahali ambapo tochi haifiki. Ukitazama kwa mbele, pini zang'aa kwa sababu zimepakwa dhahabu. Ukilitoa tundu, nyuma yake pameoza. Ikiwa mashine ilimwagiwa chai au ilikaa pwani muda mrefu, msitoe hukumu ya kulehemu wala ya programu kabla ya kutazama chini ya tundu kwa kioo cha kukuza. Kutu ikiwa imeingia kwenye njia za shaba za bodi, tundu jipya litashikamana na bodi mgonjwa, nalo halitadumu.

#10 Kijiti

Bi. Makupa, heshima zako, lakini Morogoro ni mbali na chumvi. Mwalimu sasa ana mafundi wanne na magonjwa manne, na mgonjwa bado hajafunguliwa tumbo.

#11 Bi. Makupa

Morogoro iko mbali, naam, lakini mashine haikuzaliwa Morogoro. Ilipita bandarini kabla ya kufika Kariakoo, na Kariakoo yenyewe iko mjini Dar es Salaam, umbali mdogo kutoka baharini.

#12 Uluguru Mashariki

Asanteni sana nyote. Nimesafisha kama Kijiti alivyoelekeza na vumbi kidogo limetoka, lakini tabia haijabadilika. Kipimo nimekiazima kwa mwalimu wa fizikia.

Tundu la kwanza: kwa upande mmoja, nikiuinua waya kinasoma volti 20 na kompyuta inachaji, nikiuachia, kinashuka hadi sifuri, hakisimami kwenye 5. Nikigeuza kichwa, sifuri daima, hata niinue vipi.

Tundu la pili: sifuri pande zote mbili. Nimetumia pia kile kitobo kidogo cha dharura kilicho chini ya kompyuta, nikachomoa chaja kwanza na kukibonyeza kwa ncha ya klipu ya karatasi, lakini hakuna mabadiliko. Kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows sioni chochote chenye jina la Thunderbolt. HDMI inafanya kazi vizuri. Ninaitumia na projekta ya shule.

#13 Nakala Safi

Kutoonekana kwa Thunderbolt kwenye orodha ya vifaa ni miongoni mwa dalili zilizotajwa katika lile tangazo. Naona mshale unaelekea kwangu.

#14 Mchunguzi Huru

Mshale haujatua. Kwanza, kidhibiti cha Thunderbolt kwenye mashine nyingi za kizazi hicho hujizima na kutoweka kwenye orodha kisipochomekewa kifaa chake, kwa hiyo kutoonekana peke yake hakuthibitishi kifo. Pili, HDMI nzima inapunguza nguvu ya hoja yako, ingawa haiiui, kwa kuwa si kila mashine iliyopatwa ilionyesha dalili zote. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua, ni ile sifuri. Chipu ya kusimamia chaji hutengenezwa ili kuonyesha kinzani yake hata betri ikiwa imekufa kabisa, la sivyo kompyuta iliyoisha chaji isingeweza kuamka. Sifuri pande zote mbili inaniambia kwamba ama pini zote mbili za mazungumzo hazigusi, ama chipu hiyo imeungua.

#15 Baba Neema

Nyongeza ya jinsi chipu hiyo inavyoungua, kwa sababu nimeyaona kwenye mashine ya mdogo wangu. Ndani ya USB-C, pini ya umeme mkubwa imekaa ubavuni kabisa mwa pini ya mazungumzo. Mtu akichomeka kwa nguvu kichwa kilichopinda, au waya wa bei ya chini ambao kichwa chake kimelegea, pini mbili hizo hugusana chaja ikiwa tayari imepanda volti 20. Upande wa mazungumzo haukuundwa kupokea umeme huo. Hakuna moshi wala harufu, tundu linabaki zuri machoni, na kuanzia hapo linasoma sifuri. Waya wa mdogo wangu ulinunuliwa barabarani pamoja na kava la simu.

Mwalimu, waya wako ni ule uliokuja na chaja yenyewe?

#16 Uluguru Mashariki

Chaja niliyopewa dukani ina maandishi ya 65W, lakini waya wake unachomoka pande zote mbili, na sina hakika kama ulikuja nayo.

#17 Fundi wa Gerezani

Basi tundu la kwanza tumelielewa: upande mmoja umekatika kabisa, na mwingine unagusa ukisukumwa. Hiyo ni miguu iliyoachia, narudia. La pili ninakubali lisiguswe mpaka lipimwe kwa multimita kwenye kipimo cha diodi: ncha nyekundu kwenye ukuta wa chuma wa tundu, nyeusi kwenye pini, kompyuta ikiwa haina umeme wowote. Linganisha pini za mazungumzo za pande mbili. Zikisoma namba zinazokaribiana, njia ya kwenda kwenye chipu ipo. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali pamegusana na ardhi ya umeme ya bodi. Isiposoma kabisa, njia imekatika. Fundi asiyepima hivyo kabla ya kuchoma, mwalimu, ondoka na kompyuta yako.

Kuhusu elfu tisini kwa matundu matatu huku unasubiri: mazabodi ya T480 ina tabaka nyingi za shaba zinazofyonza joto. Miguu ya pembeni ya tundu inapita bodi upande hadi upande, na bila kuipasha bodi nzima moto kwa chini, fundi atalazimika kuongeza joto la juu mpaka aunguze plastiki ya tundu jipya au ang'oe duara la shaba. Tundu likitoka na shaba yake, hapo ndipo bodi inapokuwa haitengenezeki kweli.

#18 Kijana wa Mabatini

Si kuna ile risasi inayoyeyuka haraka? Nimeona fundi akiipaka, tundu likatoka kama linateleza.

#19 Fundi wa Gerezani

Ipo, ina bismuthi. Risasi ya kulehemia ya kiwandani isiyo na plumbamu (madini ya risasi yenyewe) huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, ile ya zamani yenye plumbamu kwenye 183, na mchanganyiko wenye bismuthi unashuka hadi karibu 138. Ninaitumia kutoa tundu, na ninaipenda kwa hilo. Baada ya kutoa, lazima ifyonzwe yote kwa utepe wa shaba na flaksi (dawa ya kusaidia risasi kutiririka), uoshe, kisha uweke risasi ya kawaida kwa ajili ya tundu jipya. Wapo wanaoiacha humo humo ili kazi iishe haraka. Tundu linakaa vizuri mbele ya mteja, lakini bismuthi ni dhaifu, inavunjika kwa kusukumwa, na tundu la chaji linasukumwa kila siku. Hiyo ndiyo sababu ya watu kusema tundu lililobadilishwa halidumu.

#20 Bi. Makupa

Hapo kwa bismuthi nakuunga mkono, fundi. Ila hata iliyowekwa vizuri yataka mtumiaji abadilike, kwani tundu la USB-C halina waya wa kulilegeza mzigo. Ninatamani watengenezaji wangerudia mtindo wa HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude nyingi za wakati ule, ambazo tundu la chaji liko kwenye waya mfupi unaochomekwa bodini. Likiharibika wafungua skrubu, wachomoa, waweka jingine, bila moto.

#21 Mama Kilimo

Hizo Dell nazo zina lao. Latitude yangu ilikuwa inawaka vizuri kwa chaja lakini betri haipandi, na ilipowashwa ilikuwa inaandika kwamba aina ya chaja haitambuliki. Mafundi wakaniuzia betri. Kumbe katikati ya kichwa cha chaja kuna pini nyembamba kama sindano inayoipa kompyuta utambulisho wa chaja, na mahali inapogusa ndani ya tundu palikuwa pamepinda. Tundu la waya lilibadilishwa, betri ya zamani ikachaji. Ninalisema hili kwa sababu mleta uzi naye anaelekezwa anunue kitu kikubwa kabla ya kidogo kuchunguzwa.

#22 Kijiti

Wakati mwalimu anatafuta fundi, anaweza kutumia zile ncha za sumaku zinazokaa ndani ya tundu muda wote, waya ukivutwa unajibandua wenyewe. Zitaliokoa tundu la kwanza.

#23 Baba Neema

Ningemshauri asizitumie. Kiwango cha USB hakizitambui, vijipini vyake viko wazi, na vinaweza kunasa chembe ya chuma au kugusana kombo wakati volti 20 zinapita. Ni ajali ile ile ya #15. Afadhali achaji kompyuta ikiwa imezimwa, imekaa mezani, na waya umewekewa kitabu chini yake usivute.

#24 Uluguru Mashariki

Nashukuru. Na lile la USB la kawaida lililovunjika ulimi, lina hatari nikiliacha? Mara nyingine Windows inaniandikia kwamba kuna tundu la USB linalotumia umeme kupita kiasi, wakati sijachomeka kitu.

#25 Mchunguzi Huru

Usiliache hivyo. Pini inayobeba volti 5 inagusa ukuta au jirani yake, na kinga ya bodi inaukata umeme; huo ndio ujumbe unaouona. Kinga hiyo wakati mwingine inasimamia zaidi ya tundu moja, kwa hiyo hata tundu jingine ambalo halijavunjika linaweza kukukatikia katikati ya kunakili matokeo ya wanafunzi. Kwa sasa, umeme wote ukiwa umeondolewa, zitenganishe pini kwa kijiti cha mbao na uzibe mlango kwa utepe wa plastiki ili mtoto asichomeke flashi. Fundi akifungua, hilo la kawaida ndilo jepesi kuliko yote matatu. Na nakili matokeo yako leo, kabla ya mambo mengine.

#26 Nakala Safi

Mwalimu akishanakili, aweke toleo jipya la programu ya Thunderbolt sasa, wakati angalau tundu moja linachaji. Programu ya kusasisha inadai chaja iwe imechomekwa, na kama kumbukumbu ya chipu bado haijafa kabisa, tutaiokoa. Ikiwa imekwisha, wapo mafundi wanaobana kishikizo juu ya chipu ndogo ya kumbukumbu na kuiandika upya kwa kifaa cha CH341A, bila kugusa tundu lolote.

#27 Fundi wa Gerezani

Asasishe sasa, kwa chaja inayokatika akiachia kidole? Umeme ukimtoroka katikati ya kuandika chipu, ugonjwa tuliokuwa tunaubishania utakuwepo kweli. Kwanza tundu la kwanza lilehemiwe, chaja isimame yenyewe, ndipo asasishe.

#28 Nakala Safi

Betri zake mbili zina chaji, na zitaibeba kompyuta waya ukiteleza. Hatari kubwa zaidi ni joto la hewa ya moto kwenye tundu la kwanza, ambalo limepakana na la pili. Likiharibika la pili wakati wa kulehemu, hatutajua kamwe lilikuwa na nini.

#29 Bi. Makupa

Nyote wawili mwasema kabla ya bodi kuonekana. Mwalimu, ukimpata fundi mwenye kioo cha kukuza, mwombe akupigie picha ya nyuma ya matundu yote mawili kabla hajapaka flaksi, kisha uilete hapa.